Likizo Niliyofungwa Mdomo

Siku ya pili ya likizo teksi ilisimama mbele ya nyumba yangu, wakashuka mume na mke, na tiketi zao za ndege za kurudia zilikuwa tatu. Nimeishia darasa la saba, lakini hesabu hiyo haikunishinda. Wamekuja wawili, wanarudi watatu.

Wa tatu alikuwa Kwanini. Jina lake analo, limo kwenye pasipoti, ila ulimi wangu ulilikataa tangu siku ya kwanza. Nikampa hilo la Kwanini kwa sababu ndilo neno la kwanza alilolishika katika lugha yetu, na akalitumia kama chumvi, kila mahali. Kwa nini unashika pini kwa meno? Kwa nini jirani anabisha hodi akiwa ameshaingia? Ana miaka kumi na saba. Shule yake na shule yetu zilipatana kubadilishana wanafunzi kwa mwaka mzima, na mwalimu mkuu akawa anatafuta nyumba yenye chumba cha ziada na mzee mtulivu. Chumba nilikuwa nacho. Utulivu niliahidi kuutafuta.

Basi niseme ukweli jinsi ulivyokuwa. Miezi miwili ya mwanzo mtoto huyu alilia. Kila akitoka shule alijifungia chumbani, akampigia mama yake simu, akalia. Kati ya kitanda chake na cherehani yangu pana ukuta wa mbao nyembamba tu, nami nikishona sare za wanafunzi nilikuwa nasikia yote bila kuelewa neno hata moja. Kilio hakihitaji mkalimani.

Mwezi wa tatu kikakatika. Alitoka chumbani siku moja, akavuta kigoda, akaniuliza kwa nini vifungo vya sare vina matundu manne na vya gauni langu mawili. Nikampa sindano. Kuanzia hapo akawa ananishonea vifungo, akaingia kwenye timu ya mpira wa wavu, akajua kupatana bei sokoni mpaka muuza vitunguu akaniomba nisimtume tena. Simu nyumbani akaanza kuzisahau. Mama yake akipiga, "Niko salama, nina haraka," basi. Kwetu sisi hiyo ilikuwa ni kupona. Sikuwaza hata mara moja namna kimya hicho kilivyosikika kwa mtu aliyezoea kilio.

Ndiyo hivyo. Tiketi ya tatu ilinunuliwa kwa ajili ya mtoto anayelia. Machozi yalikauka, tiketi ikabaki.

Mama Kwanini ni muuguzi, mwembamba, nywele amezibana nyuma kana kwamba anakwenda zamu. Baba Kwanini ni fundi saa, mtu wa maneno machache, anayetazama kila kitu kwa jicho moja. Waliketi kwenye kochi langu, kati ya marobota ya kitambaa cha sare, na Kwanini akakaa kwenye kigoda katikati yetu atafsiri. Mama mtu alisema maneno marefu. Wakati mwanawe anayageuza, hakumtazama mwanawe. Alinitazama mimi usoni, kama anayesubiri dawa iingie.

"Mama anasema asante kwa kunitunza," Kwanini akasema. "Anasema kitambaa chako ni kizuri." Akashika kingo za kigoda. "Anasema pia amekuja kunichukua. Tunaondoka Jumapili."

Uso wangu ulianguka, siwezi kuficha. Mama mtu akaitikia kidogo kwa kichwa, ameridhika kwamba dozi imefika.

"Mwambie nyumba hii ni yake," nikasema. "Halafu mwambie una homa, huwezi kupanda ndege."

"Bibi, sina homa."

"Basi mwambie ni mimi ninaumwa."

"Wewe umekula sahani mbili sasa hivi, wamekuona."

"Mtoto, tunakuokoa au hatukuokoi?"

"Nikimwambia uongo mmoja, hataniamini nikimwambia kwamba nataka kubaki. Na ndilo jambo pekee nililo nalo."

Akamgeukia mama yake, akaongea kwa lugha yao, taratibu, mikono imebana magoti. Baadaye alinieleza aliyosema: kwamba imebaki miezi minne, kwamba anataka kufanya mtihani pamoja na wenzake, na kwamba kuna safari ameipanga mwenyewe kwa ajili ya likizo hii. Treni hadi kituo cha makutano, treni ya pili hadi kwenye chemchemi za maji moto, ambako mdogo wangu ana nyumba ya wageni. Awaongoze yeye. Wamtazame njiani, ndipo waamue.

Mama alifikiri mpaka chai ikapoa. "Safari tutakwenda," akasema. "Sijaahidi kitu."

Jikoni, nikiwa naosha vikombe, Kwanini akanishika mkono. "Bibi, una kazi moja tu. Usiseme."

"Nisiseme nini?"

"Chochote. Kwa mtu yeyote. Mama anadhani wewe ndiye unayenibeba mgongoni."

"Siku nzima? Mimi?"

"Siku nzima, wewe."

Nimezaa watoto watano, nimezika mume, nimeshona sare za shule nzima nikiwa na jino linaniuma. Sikuwahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.

Asubuhi ya Alhamisi tulikuwa kituoni. Kwanini alishika tiketi zote nne mkononi, amejifunga kibwebwe kiunoni juu ya suruali, jambo ambalo sikumfundisha mimi. Mkaguzi alipopita, akasema tumekaa behewa silo.

"Tiketi imeandikwa C," Kwanini akamwambia.

"Na hili ni B, dada."

"Mlangoni mmeandika C kwa rangi, na B kwa chaki. Nikuamini wewe au nimwamini aliyepaka rangi?"

Abiria wakacheka. Mkaguzi akaenda kuutazama mlango, akarudi akatuachia viti vyetu. Mimi nilikuwa na maneno kama matano matamu sana ya kumwongezea yule bwana. Nikayameza, yakanikwama kifuani kama kiazi. Baba Kwanini akanipa maji.

Saa tano tulifika makutano. Ni kituo kidogo: ofisi moja ya bati, mabenchi mawili, bomba la maji, na ubao mweusi uliosema kwamba treni ya pili haitasafiri hadi Jumatatu. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo juu ya reli. Jumatatu! Wenzetu Jumapili wanapaa.

Kwanini aliusoma ubao ule mara mbili. Akawatafsiria wazazi wake kama ulivyo, hakuupunguza. Mama yake akainua begi lake, akatazama upande tulikotoka.

"Bado," Kwanini akamwambia, akaenda dirishani kwa mkuu wa kituo.

Hapa ndipo nilipoharibu. Niliahidi kutosema, na sikusema. Lakini mikono hakuna aliyeifunga. Kwenye njia ya pembeni niliona kiberenge, lile gari dogo la reli wanalotumia mafundi, injini inanguruma, kimepakiwa mabeleshi na mataruma mawili, yale magogo ya kulazia reli. Nikasimama nyuma ya Kwanini, nikaanza kazi. Nikamwonyesha mkuu wa kituo kile kiberenge kwa kidole. Nikamwonyesha msichana, nikaweka viganja pamoja kama naomba. Nikajishika kiuno nikachechemea kidogo, aone nilivyo mgonjwa. Mkuu wa kituo alikuwa anamsikiliza Kwanini kwa macho yaliyopita juu ya kichwa chake, mara akashindwa, akaangua kicheko.

Kwanini akageuka. Mama yake alikuwa ameshaona zamani.

Maneno aliyosema yule mama hayakuwa mengi. Kwanini aliyaleta kwangu moja moja, macho makavu.

"Mama anasema alidhani ananitazama mimi, kumbe alikuwa anakutazama wewe. Anasema wewe ndiye unayesafiri, mimi nimepakiwa. Anasema hili ndilo alilohofia. Niko kwa mzee mwenye hila, na kila anachokisikia kutoka kwangu hajui kama ni changu."

"Umetafsiri yote?"

"Yote."

Nilijiona mdogo kuliko tundu la sindano. Nikachukua kikapu changu, nikaenda kukaa benchi la mbali, karibu na bomba, nikajifunika khanga hadi puani. Nikasema moyoni: kuanzia sasa mimi na hawa hatujuani. Mimi ni mzee tu wa kituoni, nasubiri treni ya kurudi.

Kwanini hakunifuata. Alienda moja kwa moja kwenye kiberenge, wazazi wake nyuma. Msimamizi wa mafundi, ambaye wenzake walimwita Nyapara, alikuwa anafunga kamba.

"Shikamoo."

"Marahaba. Binti, hii siyo teksi."

"Naona. Teksi hainuki dizeli namna hii."

"Ohoo! Mdomo huo umeupata wapi?"

"Nimelelewa na bibi. Mnaenda kwenye udongo ulioporomoka?"

"Ndiyo. Tukishaufungua tunaendelea hadi chemchemi, kulala, kesho tunarudi hapa."

"Na sisi tunaenda chemchemi. Wazazi wangu wametoka mbali, wanaondoka Jumapili, na hii ndiyo siku niliyo nayo. Tuchukue."

"Wakubwa wangu watanichukua mimi, wanipeleke nyumbani nikalime."

"Mkuu wa kituo amesema akiandika karatasi kwamba tumepanda kwa hiari yetu, uamuzi ni wako. Nimeshamuuliza."

Nyapara akatazama dirisha la ofisi. Mkuu wa kituo akapunga kalamu. Wala hakutaka ishara zangu, kumbe. Mtoto alikuwa ameshapata alichotaka kabla sijamchekesha yule bwana.

Nyapara akajikuna shingo. "Ndani kuna viti vitatu vya wageni. Mpo wangapi?"

Walikuwa watatu mbele yake. Aliwaona, akawahesabu kwa kidevu. Halafu jicho lake likaja hadi kwangu. "Na yule mzee kule, aliyejifunika kama mwizi wa kuku?"

Nikatazama mawingu. Nikaomba: mwanangu, sema watatu. Sema hunijui. Viti vitatu, watu watatu, yameisha.

"Tuko wanne," Kwanini akasema. "Yule ni bibi yangu."

Nikatikisa kichwa kwa nguvu zote.

"Mbona anakataa?"

"Amekasirika. Ataacha."

"Basi wanne hamtoshi. Poleni."

Mama yake akauliza kitu. Kwanini akamjibu, na nilijua alimweleza lote, kwa sababu yule mama aligeuka polepole akanitazama pale kwenye bomba, kisha akamtazama mwanawe kama mtu anayesoma tena barua aliyodhani ameielewa.

"Mimi sitakaa," Kwanini akamwambia Nyapara. "Wao watatu wakae ndani. Mimi nitasimama nyuma."

"Nyuma hasimami abiria. Nyuma anasimama mfanyakazi. Nina watu wanne na udongo wa watu kumi."

"Nipe beleshi, basi."

"Utaliweza?"

"Sijui. Kwa nini tusiende tukaone?"

Mafundi wakapiga mbinja. Nyapara akamtupia glavu moja, ya pili ilikuwa imepotea.

Nilipanda bila kutazamana na mtu. Tulisafiri saa nzima kati ya mabonde, mimi katikati ya mume na mke kama mtoto aliyepatanishwa kwa nguvu, Kwanini nyuma ameshika bomba, nywele zote usoni. Kisha tukaufikia udongo. Ulikuwa umelala juu ya reli, mwekundu, wa urefu wa nyumba mbili, una mawe na mzizi mmoja mnene.

Wale mafundi wana namna yao ya kufanya kazi. Hawachoti ovyo. Wanasimama wawili wawili wakitazamana, reli iko kati yao, mmoja anachimba mwenzake anatupa, na hesabu ni moja: ukichelewa, beleshi la mwenzako linagonga lako na wote wanakuzomea. Kwanini alipangwa na fundi mnene mwenye kofia ya sufu. Nusu saa ya kwanza alizomewa mpaka nikataka kushuka.

"We binti, unachota udongo au unapakua ubwabwa?"

"Subiri, naelewa!"

"Elewa huku unatupa!"

Akaelewa. Hakuwa na nguvu, lakini alishika hesabu, na mwenye hesabu hahitaji nguvu nyingi. Baba Kwanini akavua saa, akaiweka mfukoni, akashuka kuchukua beleshi la akiba. Tukabaki wanawake wawili dirishani, hatuna lugha hata moja kati yetu.

Baada ya saa nyingine niliona mpini wa beleshi la Kwanini umepata rangi. Mkono usio na glavu ulikuwa umechubuka, unavuja damu. Mama yake aliona kabla yangu. Akafungua begi, akashuka. Nikasema sasa basi, yamekwisha, anakwenda kumwondoa. Na nani angemlaumu? Ningekuwa mimi ningemwondoa.

Alifika, akamshika mwanawe kiganja, akakigeuza juani. Kwanini akasema neno moja. Mama yake akafungua chupa. Akasafisha jeraha kwa dawa, akazungusha bendeji mara tatu kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, akaikata, akaifunga upande wa juu wa mkono, fundo lisije likasugua. Mafundi wote wamesimama. Akaangalia kazi yake, akaokota beleshi, akamrudishia.

Nyapara akavua kofia, akaivaa tena.

Saa kumi kasoro reli ilikuwa wazi, na saa kumi na moja tukashuka chemchemi, sote wekundu kama matofali. Mdogo wangu alipotuona akauliza kama tumekuja kwa miguu au kwa kuchimbua. Wanaume wakaenda kuoga. Sisi watatu tulikaa kwenye ukingo wa mawe, miguu ndani ya maji ya moto, na Mama Kwanini akamwambia mwanawe kitu huku akinionyesha mimi.

"Mama anataka kuongea na mimi," Kwanini akasema. "Anataka nawe usikie, kwa hiyo nitatafsiri yote. Yake na yangu."

"Mimi naweza kwenda."

"Amesema ukae. Amesema usiseme."

Wote wawili sasa! Nikakaa.

Nayaandika kama yalivyonifikia, mama akisema, mtoto akijibu, kila neno likipita kwangu kwa sauti ile ile moja iliyochoka.

"Miezi miwili ulinililia kila siku. Ilikuwa kweli?"

"Kweli."

"Halafu ukanyamaza."

"Nilikuwa nimezoea, mama."

"Na mimi je? Mimi nilizoea?"

Kwanini alitafsiri hilo, akaanza kubandua udongo uliokauka kwenye bendeji.

"Nilikuwa wodini namfunga mgonjwa bendeji," mama akaendelea, "sikio langu liko mfukoni, kwenye simu. Anayelia najua yuko hai. Aliyenyamaza sijui ana nini. Miezi mitano, 'niko salama, nina haraka.' Hivyo ndivyo wanavyosema wagonjwa wasiotaka kuguswa. Ndipo nikanunua tiketi."

"Niliona aibu," Kwanini akasema. "Nilikulilia uje unichukue. Halafu nikapenda kubaki. Sikujua mtu anaanzia wapi kurudisha neno kama lile. Kwa hiyo sikusema kitu."

"Ungesema hivyo hivyo."

"Ndiyo. Ningesema hivyo hivyo."

Mama mtu akakoroga maji kwa mguu. Nami, ambaye miezi yote hiyo nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao nikifurahi kwamba simu hailii, niliinamisha kichwa. Hakuna aliyeniuliza, nikashukuru.

"Leo ulikuwa na sababu zote za kusema watatu," mama akasema mwishowe. "Hata huyu mzee mwenyewe alikuomba useme watatu, nilimwona anavyotikisa kichwa. Ukasema wanne. Mtu anayesema wanne akiniambia anataka kubaki, itanibidi nimwamini. Kaa. Maliza mwaka wako, fanya mtihani wako. Nitairudisha tiketi. Lakini kila Jumapili utanipigia, na hutaniambia uko salama. Utaniambia ulivyo. Ukiwa unalia, piga ukilia."

Kwanini alinitafsiria mpaka neno la mwisho, hakuruka hata moja, halafu akajifuta pua kwa bendeji.

"Sasa naweza kusema?" nikauliza.

"Sema, Bibi."

"Mwambie ile hila ilikuwa yangu, ya ishara. Mtoto hakunituma. Na mwambie ningekuwa na binti kama huyu, nami ningekuja na tiketi."

Akamwambia. Mama mtu alinitazama usoni, jinsi alivyonitazama siku ya kwanza, na safari hii sijui aliona nini, kwa sababu alisogea, bega lake likagusa langu. Kisha akamwinamia mwanawe, akasema jambo jingine, fupi, kwa sauti ya chini. Kwanini akaitikia kwa kichwa, akalala mapajani mwa mama yake na udongo wake wote.

Nikangoja. Nikakohoa. "Amesema nini?"

"Hilo silitafsiri, Bibi. Ni langu."

Nikatoa miguu majini, nikaenda kumtafuta Baba Kwanini, nimwonyeshe kwa mikono kwamba maji ya kuoga ya wanaume yapo upande wa pili na atuachie bomba la wanawake, tulikuwa bado hatujaoga hata mmoja wetu.